Ednah, Popote Alipo

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana lilifungiwa nyama kabla hawajalisoma, nawapa kwa kifupi.

Mimi ni Thuranira, karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa huko Githongo. Miaka hamsini na mitatu, meno yote ni yangu isipokuwa mawili. Redioni mnanijua kama Mzee Mizani. Kila Alhamisi saa tisa alasiri, tangu mwaka wa themanini na sita, kadi yangu ya salamu husomwa hewani, na watu wa Isiolo na Voi ambao hawajawahi kuniona hujua kwamba bado napumua.

Ni kadi hizo zilizoniletea Wanjira wa Kianjokoma, yule anayejiita Malkia wa Majani Chai. Alinisalimu, nikamsalimu. Alianza kuniweka nambari tisa kwenye orodha yake, akanipandisha hadi sita, na kufikia mwezi wa nne nilikuwa wa pili, nyuma ya mchungaji wake tu. Kisha zikaja barua. Katika moja alinipa sharti lake: "Niliolewa nikiambiwa niko peke yangu. Mke mwenzangu nilimjua siku ya kumzika mume wetu, na kumbe yeye ndiye wa kwanza. Sidanganywi mara mbili. Kama una mtu, baki naye."

Nikamjibu kwamba mke wangu alifariki miaka sita iliyopita. Hapo sikudanganya hata herufi moja. Tukakubaliana tuonane kwenye sherehe ya klabu yetu ya salamu, Jumamosi mchana, katika bustani ya hoteli moja mjini Embu. Nyama ya kuchoma, na bendi yenyewe ikipiga, si kaseti.

Mliniacha langoni. Supu ya mbuzi imenimwagikia kifuani, na juu ya doa nimevaa koti la kuazima la rafiki yangu Muthamia, ambalo mikono yake inaishia karibu na kiwiko. Sasa ingieni nami.

Wanjira nilimtambua kabla ya kuambiwa. Mwanamke wa makamo, gauni la samawati, ameketi wima kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya kitambulisho.

"Wewe ndiye Mzee Mizani?"

"Ndiye. Nipime."

"Nilifikiri wewe ni mrefu."

"Redioni kila mtu ni mrefu, Malkia."

Akacheka. Kisha akaliangalia koti. "Na hilo?"

"Lilikuwa langu nikiwa darasa la saba. Nimeshindwa kuachana nalo."

Akacheka tena, na mimi nikajua nimefika nyumbani. Mtu wa umri wetu akiaga kwamba anaenda kusikiliza bendi, majirani humuuliza kama amestaafu ama amechanganyikiwa. Lakini pale bustanini tulikuwa watu sitini, wote na miwani na magoti yanayolia, na hakuna aliyemcheka mwenzake. Rwamba, kiongozi wa bendi, alikuwa akipiga gita kana kwamba hana haraka na maisha. Nikamwomba Wanjira tucheze.

"Unacheza kama mtu anayetafuta kiatu gizani," akaniambia.

"Nikikipata nitakujulisha."

Tukazunguka. Mkono wake ulikuwa begani mwangu, mwepesi. Ningekufa saa hiyo, ningekufa nikiwa na faida.

"Nikuulize kitu," akasema. "Huyo Ednah."

Mguu wangu ukamkanyaga.

"Kila Alhamisi nambari moja ni Ednah," akaendelea. "'Ednah wa Githongo, popote alipo.' Mimi wa pili, Muthamia wa tatu. Muthamia najua ni rafiki yako. Ednah ni nani?"

Wenzangu, nitawaambia nyinyi nilichoshindwa kumwambia yeye. Ednah ndiye mke wangu. Yule marehemu. Miaka sita amelala chini ya migomba nyuma ya nyumba yangu, na kila wiki mimi humtumia salamu kwa redio.

Sasa ni mwanamume gani atakayesema hayo katika wimbo wa kwanza?

"Ni dada yangu," nikasema. "Mkubwa. Hatoki nje sana."

"Mnapendana. Kaka zangu mimi hata tukikutana sokoni hujifanya wanatafuta vitunguu."

Nikacheka kwa sauti kubwa kuliko mzaha wenyewe. Nikaona nimevuka. Kumbe nilikuwa nimeingia katikati ya mto.

Wimbo ulipokwisha, mwenyekiti Njue akapanda jukwaani na daftari lake. Njue ni mwalimu mstaafu wa hapo Embu, na ana ugonjwa wa kuandika. Kila kipindi cha salamu yeye hukaa na penseli akinakili nani kamsalimu nani. Tulidhani ni burudani tu ya mzee. Siku hiyo akatuonyesha kazi yake.

"Mwaka huu," akasema kwenye maikrofoni, "klabu inatoa tuzo mpya. Jozi ya Salamu. Ni ya mume na mke ambao wamekaa hewani muda mrefu kuliko wote bila kukatika. Nimepekua madaftari saba. Kuna bwana mmoja, tangu themanini na sita mpaka juzi Alhamisi, nambari moja yake haijabadilika. Wengine humu mmebadilisha nambari moja mara nne, na madaftari ninayo."

Watu wakacheka, wengine kwa wasiwasi.

"Mzee Mizani wa Githongo na mke wake Ednah. Tafadhali njooni mbele mchukue blanketi lenu."

Makofi. Rwamba akapiga nyuzi mbili za kunitania. Na ule mkono mwepesi ukaondoka begani mwangu.

"Mke?" Wanjira akauliza.

"Ngoja nirekebishe," nikasema.

Nikapanda jukwaani mbio na kuchukua maikrofoni. Nikasema polepole, kama mtu anayetoa ushahidi: "Mwenyekiti, asante. Lakini mke wangu Ednah alifariki mwaka wa tisini na moja."

Bustani nzima ikaangua kicheko.

Hapo inabidi niwaambie kosa langu la zamani. Miaka mitatu iliyopita, Siku ya Wajinga ilipokaribia, nilituma kadi ya rambirambi kwa familia ya Muthamia, nikieleza alivyotutoka ghafla. Ikasomwa kwa huzuni kubwa. Wanawake walibeba kuni na sukari mpaka kwake wakamkuta uani akinyoa ndevu. Alikaa miezi mitatu bila kunijibu salamu, za redio na za mdomo. Tangu siku hiyo, nikitangaza kifo hakuna anayevua kofia.

"Amekufa kama Muthamia?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

Muthamia akasimama karibu na jiko la nyama, akapunga ubavu wa mbuzi hewani ili waone yuko mzima. Watu wakalia kwa kucheka.

"Nasema kweli," nikasema.

"Mzee Mizani," Njue akanikatiza kwa upole wa mwalimu anayeshika mwizi wa chaki, "tuwe na adabu na ndoa. Daftari la kwanza: 'mke wangu Ednah'. Daftari la saba, wiki hii: 'Ednah, popote alipo'. Marehemu husalimiwa redioni? Na kama huyu wa daftari la saba si yule wa daftari la kwanza, basi ni nani?"

"Anaona haya," mwanamke mmoja akasema. "Mama yuko hapa na yeye anaona haya."

"Ednah kama uko hapa, njoo," Njue akaita. "Usimwogope huyu."

Nikamtafuta Wanjira kwa macho. Alikuwa amesimama palepale tulipoachana kucheza, mikono ameikunja. Hakuwa amekasirika bado. Alikuwa anahesabu. Dada. Mke. Marehemu.

Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa neno, kwenye meza ya Githongo, ambako tulitoka watatu tu, mwanamke akasimama, akarekebisha kitambaa cha kichwa, akaanza kuja mbele huku akipunga mkono.

"Ndiye huyo," watu wakasema. "Ndiye Ednah."

Alikuwa Ciakuthii, jirani yangu, muuzaji wa miche ya kahawa. Na nyuma yake nilimwona Muthamia akinionyesha dole gumba lenye mafuta.

Baadaye nilimuuliza yule mtu alikuwa na akili gani. Akanijibu: "Rika yangu, ulikuwa umekwama pale juu kama ng'ombe darajani. Nilitaka mtu achukue blanketi, watu warudi kwa nyama."

"Na Wanjira?"

"Wanjira alifika?"

"Niliyekuwa nikicheza naye ni nani?"

"Yule wa samawati? Nilidhani ni wa jamii ya mwenyekiti, anakuonea huruma."

Lakini hayo yalikuja baadaye. Saa hiyo Ciakuthii alikuwa amefika jukwaani, amenikumbatia, amepokea blanketi na maikrofoni kwa pamoja.

"Asanteni," akasema. "Huyu Baba Makandi hewani ni salamu tu, lakini nyumbani hununa mpaka paka hula nje."

Hata Njue alilazimika kufuta miwani. Rwamba akaanzisha wimbo wa harusi wa Kiembu na watu wakatusukuma katikati tucheze.

"Tabasamu," Ciakuthii akaninong'oneza. "Blanketi ni zito hili. Si la mchezo."

"Ciakuthii, umenimaliza."

"Muthamia amesema nikuokoe."

"Kutoka kwa nani?"

Jibu lilikuwa linakuja. Wanjira alipita katikati ya wachezaji bila kumgusa mtu, akasimama mbele yetu.

"Shikamoo, mama," akamwambia Ciakuthii. "Wewe ndiye Ednah?"

"Ndiye mimi."

"Dada yake."

Ciakuthii akaniangalia. Mimi, kwa kuchanganyikiwa, nikatikisa kichwa kukubali.

"Ndiyo," akasema. "Dada yake."

"Mwenyekiti amesema mke."

"Na mke pia," akasema Ciakuthii.

Gita la Rwamba likanyamaza lenyewe.

Wanjira hakutukana. Angetukana ningeshukuru. Aligeuka akachukua mkoba wake mezani, akaelekea langoni, na mimi nikamfuata, koti la Muthamia likipasuka mgongoni kila hatua. Nilisikia kama gunia la kahawa linafunguliwa. Ciakuthii naye akatufuata, blanketi begani.

Karibu na lango palikuwa na meza ambapo klabu ilikuwa ikiuza kadi mpya za salamu. Mweka hazina alikuwa ameenda kula. Wanjira akasimama hapo, nadhani ili avute pumzi.

"Thuranira," akasema. Si Mzee Mizani. "Nilikuuliza swali moja tu."

"Ednah ni marehemu mke wangu. Huyu ni jirani."

"Mara dada, mara mke, mara marehemu, mara jirani. Amebaki shangazi."

"Mama, nisikize mimi," Ciakuthii akasema, na sauti ya jukwaani ilikuwa imemtoka yote. "Naitwa Ciakuthii. Nauza miche. Ednah alikuwa rafiki yangu. Mimi na wanawake wawili wa kanisa ndio tulimvalisha nguo ya mwisho, ile ya kijani, maana nyekundu hakuipenda. Tulimzika Jumanne, mvua ikinyesha mpaka wanaume wakawa wanachota maji kaburini kwa sufuria. Huyu mjinga hana mke. Ana mdomo tu."

Akaliweka blanketi mezani juu ya kadi. "Na hili si langu."

Akaondoka kumtafuta Muthamia. Maneno aliyomwambia nimesimuliwa, lakini mhariri hatayapitisha.

Nikavuta pumzi. Nikajiona nimetoka. Hata nikathubutu kutabasamu.

"Umesikia mwenyewe," nikamwambia Wanjira. "Sina mtu."

Hakutabasamu.

"Ungekuwa na mke hai ningejua la kufanya," akasema. "Ningemwamkia, nikaenda zangu. Hili sijui nilifanyie nini. Kwa nini unamsalimu?"

"Ni mazoea."

"Usinitanie."

Nilikuwa na mizaha mitatu tayari mdomoni. Nikaimeza yote mitatu, na wenzangu, haimezeki kwa urahisi.

"Kadi hukaa njiani," nikasema. "Unajua. Unaituma leo, inasomwa baada ya wiki tatu. Alipofariki, moja ilikuwa tayari posta. Sikuikumbuka. Siku ya tisa baada ya mazishi wageni wakaisha, binti yangu Makandi akarudi kwake Nkubu. Ilikuwa Alhamisi. Nikafungua redio ili nyumba iwe na kelele. Na mtangazaji akasoma: 'Mzee Mizani wa Githongo anamsalimu mke wake Ednah, ambaye bila shaka saa hii yuko jikoni akisikiliza.'"

Wanjira akauweka mkoba wake mezani.

"Niliangalia jikoni, Malkia. Mtu mzima mimi. Niligeuza shingo nikaangalia jikoni."

"Halafu?"

"Halafu nikaandika nyingine. Sikuthubutu kuandika mke. Nikaandika popote alipo. Nilisema ni moja tu. Ikawa kila wiki nasema ni hii tu."

Kule ndani Rwamba alikuwa amerudi kwenye gita, wimbo wa taratibu. Njue alikuwa akiita Jozi ya Salamu ije kupigwa picha.

"Na mimi nilikuwa wa ngapi kwenye kadi yako?" Wanjira akauliza.

"Unajua. Wa pili."

"Wa pili," akarudia, kama mtu anayeonja kitu alichowahi kulishwa. "Nilikuwa wa pili miaka kumi na minne bila kujua, na yule mwenzangu alikuwa hai. Nilimwona, tukasalimiana, tukagawana sufuria. Huyu wako nitagawana naye nini?"

"Wanjira, yeye amekwenda."

"Wewe ndiye hujaenda."

Nilitaka kumshika mkono. Akausogeza, si kwa ukali, akausogeza tu. Kisha akainua pembe ya blanketi, akachukua kadi moja mpya, akaiweka mbele yangu. Akatoa kalamu yangu kwenye mfuko wa koti lile lililopasuka.

"Andika ya Alhamisi ijayo," akasema.

"Sasa hivi?"

"Hapa, nikiona. Ukimwandika yeye nambari moja, nitaelewa. Nitarudi Kianjokoma na sitakuchukia. Ukiniandika mimi, itakaposomwa nitakuwa karibu na redio, na ukija nyumbani kwangu utakuta kiti."

"Basi ni rahisi," nikasema.

"Si rahisi. Usiandike ya kunifurahisha. Mimi nitaisikia Kianjokoma, lakini wewe utaisikia ndani ya nyumba ile, ukiwa peke yako."

Muthamia akatokea upande wa pili wa ua na sahani ya nyama, uso wa mtu aliyetoka kutukanwa. Wanjira akainua kiganja bila kumwangalia. Muthamia akasimama hapohapo.

Nikainama. Anayetuma: Mzee Mizani. Sanduku la posta, Githongo. Wimbo anaoupenda: nikaacha wazi. Mkono wangu ulikuwa unajua njia, haukuniuliza kitu. Nikafika kwenye mstari wa kwanza wa majina, nikaona uso wa Wanjira kwa pembe ya jicho, nywele mbili za mvi zimetoka kwenye kitambaa, na nilitaka kabisa, nawaapia, kuandika jina lake.

Kalamu ikagusa karatasi.

E.

Nikaiinua haraka kama niliyeungua. Herufi moja, imekaa pale kwenye mstari, wino bado haujakauka. Nikasubiri aninyang'anye kadi. Nikasubiri aondoke.

Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliisoma akiwa upande wa pili wa meza, kwake ikiwa kichwa chini, akaivuta kadi kidogo kwa kidole ili ikae sawa mbele yangu.

"Maliza," akasema.